Msibani kwa mama sikulia, sasa naandika kitabu

Tantine Gabriella wa redio, pokea salamu zangu kutoka Lilongwe, naomba unishike mkono maana nimekwama, na usicheke ukisikia kazi yangu: mimi ni mwigizaji, yule ambaye watu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wanamwita Mama Machozi, ndiyo, yule anayelia kwenye filamu mpaka kamasi, na hata sokoni Mitundu wanawake wananizuia njiani, na mwendesha kabaza mmoja alikataa kunipakia kwenye baiskeli yake mpaka nilie kidogo aone kama ni kweli.

Nimeombwa niandike kitabu cha maisha yangu. Nimeshaandika jinsi nilivyouza mandazi nje ya kibanda cha video kambini nikichungulia filamu kwenye tundu la turubai, jinsi nilivyofua nguo za watu Mtandire nikisubiri nafasi ya kuigiza, jinsi mwongozaji wa kwanza alivyoniambia nina sura ya njaa nami nikamjibu kwamba njaa yenyewe ni ya kweli, akanichukua. Hayo yametoka vizuri, hata nimejicheka. Nimekwama kwenye kifo cha mama.

Mama alifariki mwaka jana kambini, na katika ukoo wetu wa Fizi binti mkubwa ndiye anayeanzisha kilio, wengine wote hungoja sauti yake, na binti mkubwa ni mimi, basi nikaingia uani wote wananitazama, nikafungua mdomo, nikasikia kijana mmoja ameinua simu akimwambia mwenzake, "Angalia, njo anaanza!" na hapo nikafikiri nikilia watasema naigiza, nikajikaza, nikakaa kimya kama mgeni, mpaka wanakwaya wakaanza wimbo kuficha aibu, tukazika hivyo hivyo. Wiki iliyofuata tulikuwa tunarekodi filamu Kanengo karibu na maghala ya tumbaku, wenzangu wanakula nsima, mimi nikaenda nyuma ya ukuta nikamlilia mama mpaka sauti ikakauka, na mwongozaji wetu Rémy aliponikuta alisema, "Ngoja kwanza, tuwashe kamera."

Sasa mama mdogo Eugénie, mdogo wake mama, anayeishi bado kambini na ambaye ndiye mzazi pekee niliyebaki naye, amenikunjia uso. Nilimwendea anisimulie safari yetu ya ukimbizi kutoka Fizi, maana mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni, akanijibu, "We banakulipa juu ya kulia, na mama yako ukamunyima hata chozi moja. Ukiandika mu kitabu kwamba ulilia, mi nitasimama mu église, mbele ya kanisa lote, niseme ni bongo, ulidanganya. Na usirudi tena hapa." Mhariri wangu Amanda naye anasema wasomaji hawatakubali Mama Machozi akose machozi kwa mama yake, niandike tu kwamba nililia. Nikiandika hivyo nampoteza mama mdogo, nikiandika ukweli najitangaza mwenyewe kwamba sina moyo. Na kuna jambo natamani sana kulijua: yale machozi ya filamu yanatoka wapi, na siku ile yalikwenda wapi? Nifanye nini, Tantine?

Mama Machozi, Lilongwe

TANTINE GABRIELLA ANAJIBU:

Mama Machozi, pole sana kwa msiba. Na huyo Rémy mwambie Tantine amesema akome.

Sasa nikugombeze. Mimi, mtu wa redioni usiyemjua, umenieleza kwamba ulilia Kanengo nyuma ya ukuta. Mama yako mdogo hujamwambia. Kwa nini? Uliogopa vijana wenye simu, sawa, hata mimi ningeogopa. Lakini yeye ulimwendea na nini? Na maswali ya kitabu! Mtu ana kidonda cha dada yake, wewe unamwomba hadithi. Hata mimi ningekufukuza.

Swali lako la machozi limenishika, nimelizungusha kichwani nikiosha vyombo. Pengine jibu lake utalipata ukiandika, ndiyo maana nataka uandike. Ila mimi nina swali langu, na nashangaa barua ndefu hivi haikuligusa: mama mdogo alilia lini? Umesema wote hungoja binti mkubwa aanze. Wewe hukuanza. Aliyekufa ni dada yake, aliyetoka naye Fizi, bila shaka wakikubeba kwa zamu. Ulinyamaza, naye akanyamazishwa pamoja nawe. Nadhani mpaka leo hajamlilia.

Kuhusu kitabu, usiandike uongo, Amanda akitaka anune. Andika yule kijana na simu yake, andika ulivyonyamaza, andika Kanengo. Atakayesoma hayo hatasema huna moyo. Lakini sura hiyo isifike kwa mhariri kabla mama mdogo hajaisikia kwa masikio yake, na neno atakalokataa, ulitoe bila kubishana.

Hiyo ni baadaye. Kwanza panda basi Jumamosi hii uende Dzaleka peke yako. Alikwambia usirudi, rudi. Keti chini uani kwake, usijieleze, usitaje kitabu. Anzisha kilio cha mama yako kwa sauti, vile mnavyolia kwenu, ili mama mdogo naye akipokee, amlilie dada yake. Majirani wakiinua simu na kusema unaigiza, waache warekodi.