Diski ya Upande wa Wanawake

Jumatano, 6 Agosti 2025

Imecheza! Alhamdulillahi, imecheza kwenye deki ya sebuleni tangu mwanzo hadi mwisho. Zile diski za kwanza ziligoma — laptopu inazisoma, deki inazitema. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nakopi faili tu kama kwenye flashi. Kumbe filamu hugeuzwa kwanza iwe ya DVD, ikachomwa polepole, na mwishowe diski ikafungwa. Haraka haifai.

Habaryar Fowsiya, mdogo wake mama, hupiga video za harusi hapa Garissa, upande wa wanawake. Wateja wake hawataki kutumiwa kwa simu. Simu inavuja, husema, diski inakaa kabatini kwa mama. Maana huko hakuna mwanamume anayeingia. Nywele wazi, magauni mepesi ya dirac, mashairi ya buraanbur na ngoma mpaka jasho. Amesema nikijua kuchoma vizuri, harusi ijayo nitashika kamera. Mimi! Nimejifanya kuosha vikombe asinione ninavyotabasamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nimechoma video ya harusi ya Hinda, jirani yetu. Diski mbili. Ya wanaume, yenye nikahi na nasaha za wazee, inakwenda Lafey, huko Mandera, kwa Mzee Abdille, baba mkubwa wa Dahir, bwana harusi. Mzee ana hoteli yenye TV, na wazee wenzake hunywa chai hapo. Ya wanawake ni ya mama yake Hinda.

Zote mbili zimekamilika bila kukwama. Nikazilaza juu ya leso zipoe, nikaenda kuswali Alasiri. Niliporudi nikaziandika kwa kalamu. Ya kulia wanaume, ya kushoto wanawake. Nadhani. Hapo hapo stima zikapotea, na laptopu yetu haiwaki bila stima. Deki inatumia sola, lakini sebuleni mjomba wangu, Abti Guled, alikuwa na wageni wake, wanaume watupu. Ningejaribuje diski mbele yao? Na kama niliyoshika ni ya wanawake?

Habaryar akaita mlangoni: basi la Mandera linaondoka, konda anasubiri bahasha. Umezijaribu zote mbili?

Nikasema ndiyo.

Kwa nini nilisema ndiyo?

Jumamosi, 9 Agosti

Ya Allah.

Tulikuwa kwao Hinda. Chumba kimejaa wanawake, halwa, chai ya maziwa ya ngamia. Mlango umefungwa, kila mtu ametupa shash yake ya kichwani pembeni. Fartun, dada yake Hinda, akaweka diski. Akatokea sheikh! Nyuma yake safu ya wazee wenye ndevu za hina. Makelele! "Jifunikeni, wazee wameingia!" Mmoja akajificha nyuma ya mto. Bibi mzee Ayeeyo Isnino akanyoosha kidole: "Yule si mume wangu? Hata huku amenifuata!" Walicheka mpaka machozi. Fartun akanigeukia: "We fundi, umetuletea wachumba?"

Hinda peke yake hakucheka. Alinisogelea, akauliza kwa sauti ndogo: "Yangu iko wapi, walaal, ndugu yangu?"

Nikasema iko nyumbani.

Iko ndani ya basi. Kabla ya harusi aliniuliza kama kweli hakuna mwanamume atakayeona, nikamwambia wallahi. Ndipo akacheza. Mabega wazi, nywele mpaka kiunoni, anacheka kwenye kamera kama mtoto. Wazee wote pale hotelini watamwona, na watajua ni mke wa Dahir.

Nimempigia konda. Hapatikani. Huko barabarani hakuna mtandao. Nimeomba diski igome. Mimi niliyekuwa nikiomba zicheze!

Jumapili, 10 Agosti

Nimemwambia Habaryar baada ya Alfajiri. Yote, hata ile ndiyo yangu. Hakunipiga. Alikaa chini kwenye jamvi. Kisha akasema watu humfungulia mlango kwa neno lake tu, si kwa kamera. Nilitamani anipige.

Hinda amekuja, Habaryar amemweleza. Siwezi kumtazama. Amempigia wifi yake Yurub, yuko Lafey. Yurub alikimbia stendi akaikuta bahasha, lakini konda akakataa kumpa: imeandikwa jina la mzee, atapewa mzee. Mzee ameichukua, ameiweka juu ya TV hotelini, ameenda msikitini. Wakitoka Adhuhuri watakaa waione, wazee wote. Yurub hawezi kupenya katikati ya wanaume akachukua kitu kwenye TV. Atamsubiri mzee nje ya msikiti, ampe simu.

Sasa aambiwe nini? Hinda anataka niseme diski ni mbovu. Habaryar amekataa. Akisikia mbovu si ataijaribu, tena mbele ya wote? Lakini kweli yenyewe inasemwaje kwa mzee? Adeer, mzee wangu, ndani kuna nywele za mke wa Dahir? Hinda ameziba masikio.

Habaryar akasema utasema wewe, andika kwanza usije ukababaika. Naandika.

Assalamu alaykum, Adeer. Mimi ndiye niliyechoma diski. Nilisema nimeijaribu, na sikuijaribu. Iliyo kwako ni amana ya wanawake. Tafadhali usiiweke. Mpe Yurub mkononi.

Nikamsomea Hinda. Neno amana akalikubali. Akauliza, na akishaiweka? Habaryar akaitazama simu.

Adhuhuri imeshapita. Nimeswali nikasahau rakaa, nikarudia.

Simu inaita. Yurub. Habaryar ameiweka mkononi mwangu. Humu tuko wanawake watupu, mlango umefungwa, na Hinda amevuta shash yake, anafunika nywele, anafunika mpaka shingo, kana kwamba wazee wameingia —