Chakula Nilichokiacha Tangini

Mjomba,

Salamu kwanza, ndipo neno. Hilo ulinifunza wewe. Arobaini yako imepita. Mama amegawa kanzu zako, na paka wako amehamia kwa jirani wa chini.

Nina jambo. Likizo ile ulinichukua maabarani kwenu nisishinde chumbani Mji wa Kale. Ukanionyesha matangi mawili ya tilapia. La kwanza, mafuta machafu uliyatia majini, yawaingie samaki mashavuni wanapopumulia. La pili uliyachanganya na chakula, yapitie tumboni. Ukaniambia, "Sumu ni ile ile, lakini ini lataka kujua imepita mlango gani." Ulitaka kupima vimeng'enya vya ini, vile vinavyopanda likipambana na sumu, uone njia ipi yavipandisha zaidi.

Kazi yangu ilikuwa moja: samaki wa tangi la pili wakishakula, niteke mabaki upesi kwa wavu, mafuta yasivujie majini. Ijumaa ulipokwenda kuswali, vijana wenzako wa maabara walisimama penye tangi wakicheka. Niliona haya kupita kati yao. Nikangoja nje mpaka waondoke. Ijumaa tatu, Mjomba. Nilipoteka, chakula kilikuwa kimelowa na maji yana utando.

Kwa hiyo samaki wale walipata sumu kwa njia zote mbili. Vimeng'enya vikapanda sana, nawe ukafurahi: "Haya, tumbo limeshinda. Na msaidizi wangu ni huyu aogopaye watu kuliko samaki." Ukaninunulia viazi karai. Nilikula, nikanyamaza. Wiki ya pili yake moyo wako ukasimama.

Juzi Bi Zuhura, mwenzako wa kazi, alikuja na daftari lako. Alitaka kuyachapisha matokeo yale kwa jina lako. Mama alilia kwa furaha. Mimi nikamfuata mgeni hadi ngazini, nikamwambia. Sauti ilikuwa ndogo mno, akataka nirudie. Nikarudia. Aliketi kwenye kidato, akafungua daftari, akapiga mstari ukurasa wako wa mwisho.

Mimi ndiye niliyekufutia matokeo yako, Mjomba. Mama bado ameninunia.

Bi Zuhura amesema Jumamosi tuanze upya, samaki wapya. Nitasimama pale, acheke atakayecheka, mpaka punje ya mwisho itoke majini. Tukipata jibu, hata likiwa kinyume na ulilofurahia, nitakuja kukusomea kaburini.

Mungu akulaze pema. Niwie radhi.

Mpwa wako,
Mwanaisha