Jicho la Pili la Daruma

Wakana, nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Umeona habari? Roketi imeanguka baharini na tanga letu ndani. Tanga la kusukumwa na mwanga wa jua huko angani, shosti, limezama likiwa bado limekunjwa!

Sasa sikia balaa. Si unamjua Daruma, yule mdoli mwekundu wa ofisini? Jicho moja huchorwa ukiweka nia, la pili halichorwi mpaka jambo lifaulu. Asubuhi, roketi haijaruka bado, mtangazaji wa TV ananiambia, “Dada, lichore sasa hivi, baadaye hatutapata nafasi.” Nikachora! Mimi! Mbele ya kamera!

Mtandao mzima unanicheka. “Mdoli kapewa jicho ashuhudie msiba.” Hata Mama Tokie muuza tofu kanisimamisha njiani: “Pole mwanangu. Angalau samaki wamepata pazia.”

Pazia, Wakana!

Nimelisugua lile jicho kwa spiriti. Wapi! Halitoki.

Profesa Munakata, mkuu wa mradi wetu, kanikuta nasugua. Nikajua leo nafokewa. Hata hakunifokea. Kamchukua Daruma taratibu, kamgeuza atazame ukuta.

“Mwache hivyo,” kasema. “Sitaki anione.”

Halafu akaketi, akalia.