Kitabu cha Vumbi Kwenye Rafu ya Migodi

Likasi, Jumapili asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Jambo sana. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi za Kalemie? Mimi ni mzima, nakula bukari yangu ya unga wa mahindi kila siku, ila samaki wa huku hawawafikii wale wa ziwa letu.

Kazi ya maktaba ilitaka kunishinda. Tulipoletewa kompyuta, mkubwa wetu, Papa Kalenga, aliniagiza niingize vitabu kwa namba zake za zamani, kila kitabu na somo moja tu, kama kwenye zile kadi za sandukuni. Nikatii.

Juma lililopita akaja Mama Feza, mtoto mgongoni.

« Minatafuta kitabu ya magonjwa ya vumbi, » akasema. « Bwana yangu anachimbaka mu mugodi ya Kamatanda. Anarudiaka na vumbi mu nguo, na mutoto anakohoa. »

Nikatafuta « magonjwa ya vumbi » kwenye kompyuta: hakuna. Rafu ya afya: hakuna. Akashukuru, akageuka kwenda. Roho iliniuma, Mama. Nikamwomba angoje, nikapita rafu moja moja, nikakikuta kwa migodi, katikati ya mashine za kuchimba: kitabu kizima juu ya vumbi na mapafu. Tukakisoma pamoja, nikimfasiria Kifaransa. Kutoka pale alimpeleka mtoto hospitali, na bwana yake sasa anavua nguo za kazi nje na kuoga kabla ya kumbeba mtoto.

Nilimwendea Papa Kalenga kwa woga, kitabu mkononi, nikamweleza nilikokikuta.

« Kitabu iko na fasi moja mu rafu, » akanijibu.

« Kwa rafu ni kweli, Papa. Lakini kompyuta inaweza kukiita kwa majina mengi, vile batu banakiulizaka. »

Alikichukua kitabu, akaisoma namba iliyo mgongoni mwake. Namba zile amezifundisha maisha yake yote.

« Ni minye mwenyewe nilikiweka kwa migodi, » akasema. « Leta kiti. Tuanze na hiki. »

Tukaandika: migodi, vumbi, mapafu, kukohoa, mtoto. Kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Sasa kila mgeni akiingia, ni Papa mwenyewe anayemuuliza amekuja na neno gani.

Mtoto wa Mama Feza anaendelea vizuri. Namshukuru Mungu, namshukuru Papa Kalenga, na wewe, Mama, uliyekataa nitolewe shule.

Nisalimie yaya mshonaji aliyenitangulia kuzaliwa, baba mdogo dereva, na bibi asiyependa kusalimiwa mwisho. Mwambie nimemweka hapa mwisho kwa sababu ndiye ninayemkumbuka zaidi.

Ni minye, binti yako,
Sifa