Picha ya Krismasi Uliyoitundika Ukutani

Kagongwa, Kahama
Juma la pili la Kwaresima

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Pokea na shikamoo ya mjukuu wako, ambaye bado hawezi kuitamka sawasawa, husema "kamoo" halafu anakimbia kabla hujamwitikia. Natumaini goti limepunguza kukuuma, na mvua za huko Songea hazijabomoa tena ukuta wa jiko. Sisi huku ni wazima wa mwili. Baba Gervas mkweo ni mzima, na Gervas ana meno ya kutosha kuning'ata. Mimi pia ni mzima, ila nina kinyaa, Mama, kinyaa cha kunizuia kula, na ndicho kilichonikalisha kuandika. Kosmas mdogo wangu, wewe unayemsomea, hakikisha Mama ameketi, na usiruke mstari hata mmoja kwa kumwonea huruma.

Ni habari ya ile kadi ya Krismasi yenye picha ya mtoto.

Mwezi wa kumi na mbili alifika hapa Kagongwa mpiga picha kutoka Mwanza. Alipanga chumba karibu na soko, akatundika uani shuka kubwa lililochorwa nyumba za Ulaya, mapaa yamefunikwa theluji. Mlangoni akaweka ubao wa mitindo yake ya kadi. Mtoto akiwa malaika, na mabawa ya manyoya ya bata. Mtoto ndani ya kapu, amefungwa utepe kama zawadi. Mtoto akizungumza kwenye simu ya mbao. Mtoto amelala horini kama Yesu, na mbuzi wa kweli pembeni yake. Juu kabisa, kwa rangi nyekundu, mtoto akiwa Baba Krismasi mwenye ndevu, koti na kofia, amekaa kwenye theluji. Wanawake tulijazana pale kama tuliosikia sukari imefika dukani. Nami nilikuwemo, nisijifanye.

Wewe unajua kwa nini nilikuwemo. Telegramu ya msiba wa Baba ilinifikia akiwa ameshazikwa siku nne, nami nilikuwa na mimba ya miezi saba. Sikumzika baba yangu. Nilichoweza ni kumpa mtoto jina lake, na tangu hapo kila barua yako ilisema unataka kumwona huyo Gervas mdogo kabla macho yako hayajafifia. Nauli ya kuja huko na mtoto hatuna. Nikaona hii ndiyo njia, nikamsumbua mkweo mpaka akakubali.

Theluji yenyewe ilikuwa pamba. Mkweo ndiye karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba, basi mpiga picha akamwomba gunia la fifi, ile pamba chafu inayotengwa na pamba safi. Mkweo akampa ili mtoto wetu asikae foleni. Watu wa huku huvunjika migongo kuanzia kupalilia mpaka kuvuna pamba hiyo, halafu siku ile ikamwagwa chini tuikanyage, tukiigiza baridi ya nchi ambazo hatujazikanyaga, na jua linatuchoma utosi. Ilikuwa na mbegu na majani makavu, na wale wadudu wekundu wa pamba wakitembea ndani yake. Niliwaona. Nikamkalisha mwanangu juu yao.

Koti lilishonwa kwa blanketi jekundu na lilinuka mkojo wa watoto waliotangulia. Kofia ilikuwa mbichi kwa jasho la vichwa vyote vya Kagongwa, na vingine tunavijua vina mapunye. Ndevu zilibandikwa kwa uji wa muhogo uliolala siku mbili, umechacha, inzi wanausherehekea. Gervas alilia mpaka akakwama pumzi, akajilamba uji ule, akaendelea kulia. Mpiga picha akamvuta kofia hadi kwenye nyusi ili machozi yasionekane, akapiga. Mimi nikapiga makofi ili mtoto acheke. Nikikumbuka makofi yale natamani kujinawisha.

Aliyekuwa mbele yetu, aliyevuliwa koti lile lile akavishwa Gervas likiwa bado la moto, alikuwa mtoto wa Mama Masanja, mke wa mkulima wa upande wa Isaka. Kwa umri na kimo alilingana na mwanangu. Mama yake alimfuta uji kidevuni kwa kanga, tukacheka pamoja, tukaachana.

Filamu zikapelekwa Mwanza kwa treni kusafishwa. Zikarudi siku chache kabla ya Krismasi, mkweo akaenda kuchukua yetu. Mama, niliiangalia picha ile kwa macho yangu mawili. Ndogo, ya kijivu, kofia hadi kwenye nyusi, ndevu hadi chini ya macho, na ngumi moja imetokeza kwenye mkono wa koti. Nikasema, "Amependeza." Nikaitia kwenye bahasha, nikaituma.

Jibu lako lilipofika mwishoni mwa Januari nililisoma huku nimesimama, nikalisoma tena nimekaa. Uliandika kwamba umeitundika karibu na picha ya Baba, kwamba kila jioni unawaombea wote wawili, babu na mjukuu. Ukaandika, "Ni mume wangu mtupu. Hata ngumi anaikunja kama yeye, kidole gumba amekificha ndani." Nililia kwa furaha. Mwanangu alikuwa pale sakafuni anakamata sufuria kwa vidole vitano vimetanuka kama majani ya mpapai, nami sikujiuliza kitu.

Juma lililopita, asubuhi, nilisikia hodi. Alikuwa Mama Masanja. Amekonda, amejifunga kanga nyeusi. Akaamkia, "Mwangaluka, mayu," ndivyo wanavyosalimiana Wasukuma asubuhi, na mayu ni mama, nikamwitikia na kumpa kigoda. Hakukaa. Alifungua fundo la kanga, akatoa picha.

"Mayu, huyu ng'wana ni wa kwako," akasema. "Wa kwangu yuko wapi?"

Nikaitazama. Koti lile, kofia ile, ndevu zile. Nikamwambia, "Dada, umejuaje?"

"Huyu ameachia mikono. Masanja wangu alikuwa anaficha kidole gumba ndani ya ngumi. Tangu nilipomzaa. Hata kunyonya alikuwa ananyonya hivyo hivyo."

Nikasikia maneno ya barua yako, Mama, yakisomwa upya kichwani mwangu. Nikamwuliza Masanja hajambo, maana alikuwa amesema "alikuwa anaficha", nami sikusikia vizuri, au sikutaka kusikia.

"Masanja tulimzika," akasema. "Surua. Mwaka mpya haukumaliza wiki."

Hakuwahi kuichukua picha yake wakati wa Krismasi kwa sababu mtoto alikuwa tayari amelala na homa. Alipomaliza matanga ndipo akaenda sokoni kuifuata, akatembea njia nzima akijiambia kwamba walau uso ataupata. Akakabidhiwa uso wa mwanangu. Picha nyingine ya Masanja haipo duniani, Mama. Hiyo moja tu, na iko ukutani kwako.

Nilimbeba Gervas mgongoni tukaenda naye kwa mpiga picha. Tulimkuta anakula mahindi ya kuchoma. Nikamweleza, nikamwambia atoe filamu asafishe nyingine.

"Filamu za Krismasi nimeshatupa shimoni," akasema. "Zingekaa wapi humu?"

"Kwa hiyo huyu mama afanyeje?"

Akachokonoa punje kwenye jino kwa ukucha, akamtazama Mama Masanja kuanzia miguuni. "Mama, mtoto ni mtoto. Ukishawavalisha kofia wote ni wamoja. Chukua hiyo hiyo, nani atajua?"

Mama Masanja akaifunga picha tena kwenye fundo la kanga. Mimi nilitema mate chini, mbele ya viatu vya mpiga picha, jambo ambalo ulinikataza tangu utoto, na ningelirudia leo. Nyuma yake koti jekundu lilikuwa bado limening'inia kwenye msumari, kola imekauka uji. Nilitoka nje nikatapika kando ya ukuta, na Mama Masanja, mfiwa, ndiye aliyenishikia mtoto.

Njiani alitaka kuniachia picha ya Gervas. "Chukua ya kwako," akaniambia, "mimi nikiiona naumia." Nikaichukua. Nikamwahidi kwamba yake nitaileta, kwa kukuomba wewe.

Nilipomsimulia mkweo, akasema, "Mama Gervas, bibi ameshafurahi. Ameshaiombea. Ukimwandikia utamuua. Huyu mama wa Isaka tutampelekea kitu, atasahau." Alisema hayo huku anamega ugali. Mama, mkweo si mtu mbaya, kwa hiyo nilishangaa kwamba nimemwonea kinyaa yule yule ninayemfulia mashati. Nikamwuliza, "Gervas angekuwa ndiye aliyezikwa, tungepelekewa kitu gani tukasahau?" Akaacha ugali. Kesho yake alileta vipande viwili vya boksi gumu, akavikata kwa kipimo cha picha, na bahasha ameshaiandika anwani yetu kwa mkono wake. Vyote viko humu ndani.

Lakini kinyaa kikubwa ni changu juu yangu. Mpiga picha hakumzaa Gervas. Mimi nilimzaa, nikamnyonyesha, nikashika picha ya mtoto wa mwenzangu nikasema amependeza, kwa sababu nilichotaka kuona ni koti na theluji na majirani zako wakisema Yustina ameendelea. Mwenzangu alitambua kwa kidole gumba kisichoonekana vizuri hata kwa mwenye miwani. Hilo sitalisahau.

Kwa hiyo nakuomba, Mama, itoe ukutani. Kosmas, iweke katikati ya vile vipande vya boksi, usiikunje, na uipeleke mwenyewe posta mjini, usimpe mtu wa lori. Najua nakunyang'anya. Najua umewaambia watu wote wa jumuiya kwamba mzee amerudi. Waambie binti yako alikosea. Aibu hiyo ni ya kwangu, niwekee nitakuja kuibeba.

Ile ya Gervas aliyokabidhiwa mwenzangu sikuletei, kwa sababu ndani yake hayumo, limo koti. Badala yake geuza karatasi hii. Nimemkalisha mapajani nikazungushia mkono wake kalamu ya risasi, naye akatikisika, ndiyo maana kidole kidogo kimetokea vibaya. Doa lililopo kiganjani ni uji wake wa leo asubuhi. Weka mkono wako juu yake upime. Hafanani na Baba, Mama. Anafanana na wewe, masikio yamesimama na hataki kushikwa.

Nisalimie shangazi mfinyanzi, mwambie chungu chake bado hakijapasuka. Nisalimie katekista wetu, na yule jirani mwenye nyuki aliyenisindikiza kituoni siku naondoka. Kosmas, nakusalimu wewe na mkeo, na asante kwa kusoma mpaka hapa bila kuruka.

Jambo la mwisho, Mama. Ukiishusha ile picha usiifunge hapo hapo. Kaa nayo kidogo kama ulivyozoea jioni. Kwa miezi miwili umemwita Gervas naye hakukataa. Kabla hujamfunga kwenye boksi aende kwa mama yake, mwite mara moja kwa jina lake. Anaitwa Masanja.

Ni mimi bintiyo,
Yustina