Mkono Mzito Kwenye Uso wa Waithira

Jumanne, 3 Juni 1997

Leo nimepima uso kwa ultrasound! Miaka tisa ya matumbo ya wajawazito, leo uso wa mtoto. Waithira, miaka saba, wa Mukurweini. Mstari mgumu unaong'aa, kutoka kwa nywele hadi juu ya jicho la kushoto. Mama yake alidhani ni kovu, ati amekuwa akipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe. Daktari Kihara anasema ni skleroderma, ngozi inakaza. Anataka kujua jambo moja tu: bado inakula ama imelala? Kama inakula, ngozi imevimba, itaonekana nene kuliko upande usio na ugonjwa, na dawa ianze mara moja kabla haijafika jicho na mfupa.

Upande mgonjwa picha ilikuwa na mapengo. Nikakandamiza kichwa cha mashine kwenye ngozi, picha ikatulia. Pande zote sawa. Nikaandika: imelala. Mama akashukuru Mungu, akanishukuru na mimi. Wameenda nyumbani. Kwa ultrasound mimi sina mchezo.

Alhamisi, 12 Juni

Saa ya lunch nilijipima paji la uso, hivi hivi tu. Nikikandamiza — milimita moja. Nikiinua mkono, jeli ikiwa nyingi — moja na nusu. Ngozi ile ile.

Nilikaa chini. Tumbo unalikandamiza ndio uone. Paji la uso lina mfupa chini, ngozi inabanwa hapo katikati. Na upande mgonjwa ndio niliobana zaidi. Nilimpima Waithira kama mama mjamzito!

Nilimwendea Daktari kabla hajatoka, nikamweleza. Akasema mtoto arudishwe.

Jumapili, 15 Juni

Kwao hakuna simu. Kagure, nesi wa wodi ya watoto, anaabudu huko Mukurweini, nikampa barua itangazwe kanisani: mama Waithira amlete mtoto Jumatano. Kagure anasema mzee wa kanisa aliongeza kwamba watu wamwombee mtoto. Mama akalia mbele ya watu wote. Mimi nilitaka tangazo tu. Nimeumia.

Jumatano, 18 Juni

Wamefika saa mbili asubuhi. Jeli rundo, mkono mwepesi, hata ngozi sikuigusa, ni jeli tu. Waithira akacheka, ati ni baridi kama maziwa ya jana. Kushoto mbili na nusu. Kulia moja na nusu. Nimerudia mara tatu. Inakula. Jicho bado zima, na hii ni picha safi kuliko zote nilizowahi kupiga.

Daktari ameandika dawa, waanze leo. Mama hajaambiwa kitu bado, wako kwa benchi huko nje. Daktari ameniuliza kwa upole kama tumwambie mashine ilikuwa na shida ile siku. Nimemjibu mashine haikuwa na shida. Amesema basi niongee mimi.

Nitaongea. Ripoti ya kwanza iko hapa mezani na sahihi yangu. Siku kumi na tano bila dawa, hizo ni zangu.

Mama anabisha mlango. Nimemwambia aingie, akae, na mtoto abaki na Kagure. Ameiona ripoti. Anauliza kama ile ya kwanza ilikuwa ya mtoto mwingine. Naweka kalamu, nimwambie ni ya Waithira, na mkono mzito ulikuwa wangu.