Ya Njano, Tikisa Mabawa

Jumatatu, 11 Agosti

Tamasha la ndege ni Jumamosi, na zamu ya mnarani ni yangu. Ndege ndogo zitakuja kama nyuki, na njia ya kutua ni moja. Kila rubani akijitambulisha redioni ni vurugu tupu. Kwa hiyo wao kimya, sisi ndio tunaongea. Mwenye darubini anataja rangi, mimi nasema kwenye maikrofoni: ndege nyekundu, tikisa mabawa. Akitikisa, najua kanisikia. Namwelekeza atue.

Nikikosea rangi, je? Bora nilale.

Jumatano, 13 Agosti

Kinda anakuja! Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, leseni yake ya urubani hata wino haujakauka. Kaazima ndege ya klabu, nyeupe. Mama kapiga simu anacheka: roho yangu imetulia, si wewe utakayemshusha mwenzio? Nikasema ndiyo, mama. Nilipokata nilikaa kitandani kama nimeambiwa msiba.

Nikampigia Kinda, nikamfundisha kama mtoto wa chekechea. Usiongee redioni. Hata ukiwa na swali, usiongee. Fanya unachoambiwa, basi. Kasema, dada, kwani wewe polisi wa trafiki? Nikamwambia rudia. Akarudia huku anajifanya kupiga miayo.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemweleza Mkuu wa mnara kwamba mdogo wangu yumo. Kasema Kinda akikaribia nitoke kwenye kiti, Mpole ashike maikrofoni. Mpole ni mwenzangu wa zamu, sauti yake haijapanda tangu nimjue. Damu nzito kuliko maji, kasema Mkuu, utamwona wa kwenu tu. Ni kweli, nami nimeumia. Mama sijamwambia.

Jioni Kinda kapiga. Ile nyeupe mbovu, kapewa ya njano. Njano! Nusu ya ndege zinazokuja ni za njano. Nikamwambia basi usije. Kasema mama keshautangazia mtaa mzima, nitaiweka wapi sura yangu?

Jumamosi, 16 Agosti

Niko ofisini kwa Mkuu, chini ya mnara. Kaniambia nisitoke. Naandika mbiombio, sijui kama nitaweza kusoma haya.

Saa ya Kinda kufika ilipokaribia nilimpisha Mpole, nikasimama nyuma yake. Njano ikatokea juu ya bwawa. Mpole akasema, ya njano, tikisa mabawa. Ikatikisa. Nikashusha pumzi. Kisha nikaona nyingine, ya njano vilevile, juu ya ile ya kwanza. Nayo inatikisa.

Ile ya chini ndiyo ya Kinda, ina mabawa juu ya kichwa cha rubani, haoni kilicho juu yake. Ile nyingine ina mabawa chini, haoni kilicho chini yake. Mpole akasema, vizuri, ya njano, shuka utue. Zote mbili zikainamisha pua.

Nikamnyang'anya maikrofoni. Ningesema ya njano, zingegeuka zote. Nikasema, Kinda, geuka kulia! Jina la nyumbani, hakuna mwingine ambaye angeitika. Kageuka palepale, mtoto mtiifu. Ile ya juu ikapita pale alipokuwa, ikatua salama, rubani wake hata hajui.

Mkuu akaichukua maikrofoni mkononi mwangu kabla sijasema la pili. Nilimwambia kulia. Sikumwambia mpaka wapi.

Kulia ni milimani, na leo kuna wingu.

Nasikia spika kupitia darini. Mpole anaita, ya njano uliyegeuka, jibu. Kimya. Nimegonga mlango kwa ndani mpaka Mkuu akaja, nimemwambia Kinda hatajibu, nimemkataza mimi mwenyewe, niache nimwite mimi. Kasema umeshafanya ya kutosha leo, kaa. Akapanda juu.

Mpole anaita tena, rubani yeyote mwenye ndege ya njano, tikisa mabawa. Nimechungulia dirishani. Zimetikisa tatu. Hakuna ya Kinda.

Labda haisikii tena redio. Labda anasikia, anangoja sauti yangu. Mafuta ya ndege zile si mengi.

Simu yangu inalia mezani. Ni mama. Atauliza kama nimeshamshusha.